Mguu wa Kulia wa Salim

Mmeniomba niandike, nyinyi wawili mlioachiwa ile meza ya tiba ya klabu, na mimi nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyote viwili vilikuwa vidogo na vimekwisha. Nitaeleza nilivyoingia, nilivyofundishwa, na kisa kimoja kilichonikaa rohoni, kwa sababu najua na nyinyi kitawafika kwa sura nyingine. Mkichoka njiani, rukeni mpaka pale pa futari.

Jina langu mnalijua, Rukia, mtu wa Mombasa, na kazi yangu ya siku zote ilikuwa viungo vya watu. Nilisomea fiziotherapia nyumbani, nikaja Houston na mume wangu Athman, nikasomeshwa tena yale yale kwa Kiingereza cha hapa, kisha nikaajiriwa kwenye kliniki moja si mbali na tunapokaa, Sharpstown. Wagonjwa wangu walikuwa akina mama walioteleza bafuni, mafundi wa mapaa, na wauguzi wa Kikenya walioharibu migongo yao kwa kunyanyua wazee wa Kimarekani. Siku moja akaja Mwaustralia, mhandisi wa mafuta, amechanika msuli wa nyuma ya paja. Nikamuuliza ameumia vipi, akasema kwenye mpira. Nikamtazama mvi zake, nikamuuliza mpira gani huo. Akacheka, akaniambia nije Jumamosi nijionee mwenyewe.

Nilikwenda kwa udadisi tu. Uwanja ulikuwa wa kriketi, wanauazima kwa Wahindi na Wapakistani. Mpira wao, huo wa miguu wa Kiaustralia, ni mrefu kama papai, na kila upande umesimikwa milingoti minne badala ya goli. Wanaupiga teke, wanaupiga ngumi, wanakimbia nao, na mtu akitaka kuudaka juu anamparamia mwenzake mgongoni kama anapanda ukuta. Refa hamfukuzi. Anapuliza filimbi kumpa haki yake ya kupiga mpira kwa raha zake. Nilisimama pembeni na buibui langu nikasema moyoni, hawa watanipa kazi mpaka nizeeke. Ndivyo ilivyokuwa.

Aliyekuwa akiwatibu wakati huo ni mzee wao mmoja, Des, aliyestaafu kazi ya mabomba ya mafuta. Hakuwa na shahada, alikuwa na mikono. Alinionyesha jinsi ya kufunga kifundo kwa plasta ngumu: unaivuta, unailaza, na haiachwi na kunjo hata moja, maana kunjo la leo ni lengelenge la kesho. Mkasi wake ulikuwa na pua butu ili usimkate mtu unapomfungua kwa haraka. Barafu alikuwa akiiweka kwenye mifuko ya mkate. Nilikuja na vifaa vyangu vya kliniki, vinavyotumia umeme, na vikakaa kwenye buti la gari msimu mzima.

Pia alinifundisha kukimbia. Katika mchezo huu mtu akianguka, mpira hausimami. Mtibabu anaingia na mkoba wake katikati ya vurugu, anamhudumia majeruhi huku watu wanapita juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza niliingia na buibui. Mara ya pili niliingia na suruali pana na raba, na tangu hapo sikurudi nyuma. Watu wa msikitini waliwahi kumuuliza Athman kama anajua mkewe Jumamosi anashika mapaja ya wanaume. Akawajibu kwamba anajua, na kwamba hata mgongo wake yeye unasubiri zamu.

Somo la Des nililolipenda zaidi lilikuwa la maegesho. Akisema usimwangalie mchezaji anapokimbia, kwa sababu hapo anajua anatazamwa. Mwangalie anaposhuka garini. Texas hakuna anayekuja uwanjani kwa miguu, kwa hiyo wote wanapita kwenye mtihani huo bila kujua. Mwenye paja bovu anatoa miguu yote miwili kwa pamoja. Mwenye mgongo anashika mlango. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu cha kukunja, na chai yangu ya maziwa, nikiwasoma mmoja mmoja, na hata kabla ya kupanga plasta mezani nilikuwa nimeshajua nani atanidanganya.

Na ipo desturi aliyoiweka yeye, ambayo nawasihi msiiache. Kocha akishasoma majina ya timu na kugawa jezi, anageuka kwenye meza na kuuliza, mbele ya wote, kama kuna neno. Mtibabu anajibu kwa sauti. Des hakutaka mambo ya kunong'onezana. Akisema mchezaji akitolewa kwa sababu ya mwili wake, asikie kwa masikio yake nani kamtoa, asije akamshuku kocha wala mwenzake. Miaka yote niliyokaa pale, karibu kila mara jibu langu lilikuwa moja, wote wazima. Wenye maumivu walikuwa wameshajisema wenyewe mezani kabla ya kufika hapo. Des akarudi kwao kuzeeka karibu na wajukuu, akaniachia mkasi na hiyo desturi.

Sasa nifike kwa Salim.

Salim alikuwa kijana wa Unguja, dereva wa lori, akibeba mizigo Dallas na kurudi. Kijana kwa hesabu zetu sisi. Thelathini alikuwa ameshaivuka. Mchezo aliujua ukubwani, lakini alikuwa na mruko ambao haufundishwi. Alikuwa akiishi peke yake Gulfton, mama yake kabaki Zanzibar, na kila aliponiona alinipa shikamoo mbele ya Waaustralia wote mpaka wengine wakajifunza kuitamka, kila mtu kwa namna yake mbaya.

Mwaka ninaousema, Salim alikuwa ameshakula kiapo cha uraia. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa ya kwenda kucheza na Dallas, na huko wangekuja wachaguzi wa timu ya taifa ya hapa, wanaotafuta watu wa kwenda mashindanoni Australia. Mashindano hayo hayaji kila mwaka. Yakimpita hayo, yanayofuata yangemkuta babu. Kila mtu klabuni alilijua hilo, na Salim hakuwa na habari nyingine mdomoni.

Tatizo ni kwamba mazoezi ya kabla ya msimu, miaka hii, yanaangukia Ramadhani. Kocha wetu Neil, mwalimu wa sekondari na mtu mwema sana, hapo nyuma alikuwa akiwafokea waliofunga wanywe maji. Nikamweka chini nikamweleza: daku ni nini, futari ni nini, na kwamba mtu anaweza kufanya mazoezi akiwa amefunga mradi usimmalize. Neil alishika somo kumshinda mwalimu wake. Mwaka uliofuata akawa ndiye mufti wa uwanja. Akiona Mwislamu amechelewa kufika kwenye mpira, anainua mkono kuwanyamazisha wengine na kusema mwacheni, amefunga.

Salim alianza kuchelewa kufika kwenye mpira. Nilimwona siku ya kwanza nikadhani ni kiu, na mimi nilikuwa nayo. Siku ya pili nikaona anapotaka kugeuka hageuki, anazunguka kwa mapana kama basi refu. Akiruka, anasukuma ardhi kwa mguu wa kushoto, yeye aliyekuwa akirukia wa kulia tangu nimjue. Neil akasema mwacheni, amefunga. Salim akaitikia, "Ndiyo kocha, ni saumu tu." Na hapo ndipo nilipokunja uso, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimefunga, na saumu yangu ilikuwa mwili mzima. Haikuchagua mguu.

Nikasema nitamwona akishuka kwenye gari. Akaanza kuegesha nyuma ya stoo ya watu wa kriketi, nisikoona. Nikamwita mezani.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi, Bi Rukia, alhamdulillahi. Mwezi ukiandama utaniona."

Mtu akikwambia haumwi, huwezi kumvua kiatu kwa nguvu. Nikamfunga vifundo vyote viwili kama kawaida na kumwacha aende. Lakini wakati namfunga alikuwa akiongea bila kupumua, jambo ambalo si tabia yake.

Nikamwalika futari. Naomba hili mnielewe, sikumwita kwa hila. Mtu anayefuturu peke yake kwa mkate ndani ya lori hualikwa, na ningemwalika hata angekuwa mzima wa afya. Nilipika mbaazi za nazi, nikachoma samaki, na muhogo niliupata kwa Wavietinamu, ule wa kugandishwa, ambao ukiupa muda hauna kasoro. Adhana ya simu ya Athman ilipolia tukafungua kwa tende na maji, kisha tukasimama kuswali Magharibi kabla ya kula. Sebule yetu ni ndogo. Athman aliswalisha, Salim kuliani kwake, mimi na binti yangu Zuhura nyuma yao.

Sasa nyinyi wawili si Waislamu, niwaeleze. Katika swala yetu kuna kukaa kitako, na anapokaa mtu, mguu wa kulia unasimamishwa: kisigino juu, vidole vimekunjwa chini vikielekea mbele. Sisi wa pwani tulifundishwa hivyo chuoni, kwenye madrasa, tukiwa wadogo, na aliyelaza mguu alichapwa bakora ya unyayo. Mtoto wa Unguja hawezi kusahau hilo. Najua pia kwamba macho yangu yalipaswa kuwa mahali pa kusujudu. Lakini mahali pangu pa kusujudu palikuwa nyuma ya visigino vya Salim, na mwanamke aliyetazama miguu ya watu maisha yake yote hawezi kuacha kuona. Mguu wa kulia aliulaza. Aliulaza kila alipokaa, na hata kwenye sijda aliunyoosha nyuma kama si wake.

Tukala. Nilimwacha ashibe kwanza. Zuhura alipoondoka kuosha vyombo, baada ya kunijibu kwa Kiingereza kwamba anakwenda, nikamwambia Salim avue soksi. Alinitazama, akamtazama Athman, akavua. Nikaweka kidole gumba juu ya mguu, mbele kidogo ya kifundo, mahali padogo tu, nikabonyeza. Aliruka kwenye kochi.

Ni mfupa mdogo uliopo hapo, nyinyi mnaujua kwa jina lake. Ukianza kupata ufa unauma kidogo tu, na mtu anakimbia nao, ndio ubaya wake. Ukiendelea kuruka juu yake unakatika vipande viwili, na kuunga kwake ni skrubu na maombi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Ramadhani."

"Na ukaisingizia saumu."

Akainama. "Bi Rukia, nivumilie mpaka Dallas. Nicheze mechi moja. Wakishaniona, mguu huu ukitaka nitakukatia mwenyewe nikuletee."

"Mguu wa kulia, Salim. Gesi unakanyaga na nini, breki unakanyaga na nini? Mama yako Unguja anakula nini usipoendesha?"

"Nitaendesha kwa wa kushoto," akasema, na hakuwa anatania.

Nikamwambia hajaonwa na daktari wala sina picha, lakini kwa hali ile hawezi kucheza, na picha lazima ipigwe. Nikampa nafasi: Jumamosi, kabla kocha hajasoma timu, amwambie mwenyewe. Asipomwambia, nitaulizwa na nitajibu.

Hapo akanyanyua kichwa, na alichosema sikukisahau.

"Nikuulize, Bi Rukia. Umeniita futari au umeniita kliniki? Mguu wangu umeuona ndani ya swala, nyumbani kwako, mimi mgeni wako. Utaupeleka uwanjani kwa wale?"

Nilimfungia kaimati kwenye karatasi ya foili aende nazo kwa daku, akazipokea kwa sababu ya adabu, akaondoka.

Athman alisubiri mpaka nilipomaliza kufuta meza. Ni mtu mpole lakini siku hiyo alinisema. Akaniambia mgeni aliyefungua saumu kwako hutoki ukamtangaza. Kama uwanjani hukumwona kitu, basi hukumwona kitu. Nikamwambia uwanjani nilimwona, nilikosa tu mahali pa kushika. Akasema, "Na mahali ulipopashika ni kwenye mkeka wangu." Tulilala tumenuniana, katika lile kumi la mwisho ambalo watu wanaombana msamaha.

Niwaambie ukweli, nilitamani Salim aseme mwenyewe. Niliomba hivyo kwenye kila swala ya wiki ile. Nilimpenda yule mtoto. Nilitaka aende Australia, nilitaka nimwone kwenye simu amevaa rangi za taifa, nijisifu kwa wenzangu wa kliniki. Hakuna siku niliyotamani kukosea katika kazi yangu isipokuwa hiyo.

Jumamosi ikafika. Salim aliegesha kule kule nyuma ya stoo. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akapita. Neil akawakusanya watu kwenye nyasi, akaanza kusoma majina kwenye simu yake, na kila anayeitwa anainuka kuchukua jezi na kupigiwa makofi. Jina la Salim lilisomwa mapema. Aliinuka, akaichukua, akarudi nayo mahali alipokuwa ameketi na kuiweka mapajani. Nikamtazama. Akatazama milingoti.

Majina yakaisha. Neil akageuka kwenye meza, kama desturi, tayari ameshaanza kutia simu yake mfukoni.

"Rukia, wote wazima?"

"Salim si mzima," nikasema. "Mguu wa kulia. Hachezi mpaka apigwe picha."

Neil akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuamini. "Si njaa tu? Si amefunga?"

"Amefunga, na mguu umeumia. Yote mawili. Saumu itaisha wiki ijayo."

Neil akamgeukia Salim, akamuuliza kama ni kweli. Salim angeweza kukana. Hakukana. Aliinuka, na safari hii alichechemea wazi, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha, akapita mbele ya kocha bila kusimama na kuja mpaka kwenye meza yangu. Akaikunja jezi vizuri, mikono ndani, akailaza juu ya plasta zangu. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, ili wengine wasijue:

"Futari yako ghali, Bi Rukia."

Jezi akapewa Heritier, Mkongomani, mtoto mzuri mwenye haya, ambaye aliipokea kama aliyepewa kitu cha marehemu.

Picha ilionyesha ufa. Daktari alisema mechi moja ya kuruka ingeumaliza ule mfupa, na mimi hilo sikulifurahia hata kidogo. Salim akavalishwa kiatu kile kigumu cha plastiki, akaondolewa kwenye lori akapewa kazi ya kukaa ghalani kwa muda. Dallas tulikwenda bila yeye. Wachaguzi walikuja kweli, wamesimama kando na miwani yao ya jua, na mwisho wa mechi walichukua mtu mmoja wa Dallas na mmoja wetu. Wetu alikuwa Heritier. Alikwenda Australia, akarudi na kofia. Salim hakuitwa tena, wala hataitwa, umri umeshapita.

Idi ile hakuja kwetu. Athman alimkuta msikitini, wakapeana mikono, akamuulizia afya yake, akamuulizia Zuhura na masomo yake. Mimi hakuniulizia. Athman alirudi na habari hizo, akavua kanzu, akasema, "Amepona kidogo anavyotembea." Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuacha kuninunia. Kwangu haikutosha. Nililia jikoni, kwa hasira na kwa uchungu, na nilijua kwamba ningesimama tena mbele ya meza ile ningesema vile vile.

Yule kijana hakurudi kucheza. Mfupa uliunga, angeweza kurudi kwa mechi za kawaida, hakutaka. Na mimi nikaendelea na meza yangu msimu baada ya msimu, mpaka magoti yangu mwenyewe yakaanza kunisema, nikawapa nyinyi mkasi. Watu wanadhani kazi hii ni kujua mwili. Kujua mwili mtajifunza, mna vitabu na mna vipimo. Siku itafika utajua, na utaipenda kazi, na utampenda mtu, na hutaweza kuvishika vyote kwa mkono mmoja. Sina dawa ya siku hiyo. Nimewaandikia ili ikifika msidhani ni nyinyi wa kwanza.

Mwaka huu, wiki ya kwanza baada ya kustaafu, nilisikia mlango unagongwa mchana. Ni Salim. Ameongezeka mwili, kashika mfuko wa maembe ya Meksiko. Akanipa shikamoo, nikaitikia, tukabaki tumesimama mlangoni kama watu wanaodaiana salamu za miaka.

"Nimekuja kukushukuru kwa mguu," akasema. "Naendesha, natembea, sina maumivu. Nilikuwa sijakushukuru."

Nikamwambia ashukuriwe Mungu.

"Lakini ile safari, Bi Rukia, sijakusamehe. Nimejaribu. Sikutaka kuja mpaka nikusamehe, nikaona nitazeeka bila kuja."

Nikamwambia hiyo ni haki yake, nisingemwomba aiache. Kisha nikamwambia aingie, wali uko motoni. Aliingia, akala, akaongea na Athman habari za barabara na bei ya dizeli, akanawa, akaaga. Tangu siku hiyo kila akipita na mzigo anasimama kwetu kula. Hajanisamehe bado.